Amesamehewa Yote

Niseme mapema kabla hujaniambia wewe: katika habari hii mjinga ni mimi. Mbaya yupo, utamwona, lakini mjinga ni mimi, tena mjinga aliyesoma, ambaye ana hasara kuliko yule wa kawaida kwa sababu anajiamini. Nimeshaisimulia kilabuni mara nyingi na watu wanacheka mpaka wanamwaga pombe. Nami nacheka nao. Kipande cha mwisho huwa siwapi.

Kilichonirudisha huko safari hii ni harufu. Juzi nilimsindikiza dada yangu kliniki, nikapita kwenye korido ambako wametoka kupiga deki kwa ile dawa kali inayochoma pua, na hapo hapo mama mmoja akafungua kibuyu cha maziwa. Harufu hizo mbili zikikutana, mimi nina miaka kumi na moja, nimekaa kwenye keria ya baiskeli, makalio yamekufa ganzi, na bado nampenda baba mdogo.

Baba mdogo Boay alikuwa mdogo wake baba, tumbo moja, lakini ungedhani wameokotwa sehemu mbalimbali. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwamkia asubuhi, marahaba yake ilikuwa inafika jua limeshapanda. Boay aliwahi kuwa kibarua kwenye mashamba ya ngano, akarudi na baiskeli, kofia, na Kiswahili cha haraka haraka ambacho watu wetu walikuwa wanakisikiliza midomo wazi. Alinunua ngozi za mbuzi vijijini akazipeleka Katesh. Kila akipita nyumbani ananiita Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, habari za serikali?"

"Serikali ina njaa."

"Basi tuitishe mkutano." Halafu anaingiza mkono mfukoni, anatoa kipande cha sukari guru chenye manyoya ya ngozi ya mbuzi. Tunakipuliza, tunakula, mkutano umefungwa.

Utani wangu wote niliutoa kwake. Mama alikuwa akiniambia, "Mdomo huo siyo wa ukoo wetu, huo umeazima kwa shemeji." Mimi nikichukulia ni sifa.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamia kijijini, huku upande wa Masakta, nyumba zimepangwa mistari, kila mtu anaona moshi wa mwenzake. Nilikuwa darasa la nne. Nyumbani kwetu aliyejua kusoma ni mimi peke yangu, na nilihakikisha kila mtu anakumbuka. Barua ikifika kwa jirani naitwa. Nasimama, nakohoa kidogo kama diwani, naanza. Nilikuwa nasoma kila neno bila kukwama. Maana ya maneno ilikuwa kazi ya wengine.

Mama aliugua mahindi yalipoanza kukauka shambani. Zahanati ya serikali ilikuwepo na ilikuwa bure kweli, hakuna aliyekuwa anadaiwa hata senti. Mganga wake alikuwa mtu wa Tanga, mpole. Alimbonyeza mama tumbo upande wa kulia, mama akamshika mkono asiendelee.

"Hiki ni kidole tumbo," akamwambia baba. "Mimi hapa nina aspirini na moyo mzuri, basi. Mpelekeni misheni, leo hii."

"Misheni wanalipisha," baba akasema.

"Wanalipisha, mzee. Lakini wanakata kwanza, habari ya pesa inakuja baadaye."

Mimi nilihesabu vidole vya mama, vikatimia kumi. Nikashangaa hicho cha kumi na moja alikimeza lini.

Lori lililoleta vitu vya duka la kijiji likambeba. Aliyekwenda naye ni Boay, baiskeli yake ikafungwa juu ya lori. Baba alikuwa na zamu ya shamba la kijiji, na asiyefika zamu alisimamishwa mkutanoni. Halafu kuna mifugo, kuna mimi, kuna mdogo wangu wa kike ambaye hata kunawa uso mpaka ashikwe. "Kaka, wewe kaa," Boay alisema. "Njia ya huko naijua, na maneno ya huko nayajua." Hapo hakusema uongo.

Sasa nikueleze habari mbili, kwa sababu bila hizo hutaona nilivyopotea.

Ya kwanza ni Redio. Redio alikuwa mtamba wangu. Babu mzaa mama alinipa akiwa ndama, mbele ya watu, kwa hiyo hata baba hakuweza kumgusa bila kuniuliza. Nilimwita Redio kwa vile alianza kulia kabla ya jogoo na hakuwa na pa kumzimia. Mwaka huo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Ng'ombe wengine wa baba walikuwa watatu, wazee, maziwa yao hayajazi hata kikombe. Mama alikuwa amekwisha kuyagawa maziwa ya Redio kabla hayajatoka: haya yako, haya ya mdogo wako, haya ya kuuza tununue kaptula.

Ya pili ni mahindi. Wiki chache kabla ya kuugua, mama alitoka kwenye shamba la kijiji jioni, kanga imevimba upande mmoja. Nikachungulia. Mahindi mabichi, nayo yalikuwa mali ya wote. Mwaka uliotangulia bibi mmoja alikamatwa na mahindi kama hayo, akavishwa shingoni kwa kamba na kuzungushwa nyumba hadi nyumba, sisi watoto tukimfuata nyuma tunapiga madebe. Nilipiga debe mimi pia. Kwa hiyo nilipoona kanga ya mama, mdomo wangu ulifunga, na mdomo wangu kufunga si jambo la kila siku.

Na katikati ya hayo yote, Jumamosi kwa Jumamosi nilikuwa kwa katekista, najifunza kitubio. Katekista alitufundisha kwamba dhambi inasemwa, halafu inasamehewa. Alituuliza: nani husamehewa? Tukajibu kwa sauti moja: aliyekosa.

Basi. Mama akiwa na wiki ya pili huko, Boay akaja kunichukua nikamwone. Tuliondoka alfajiri, kibuyu cha maziwa ya jirani kimefungwa mbele, mimi nyuma. Kwenye mlima tulishuka, tukasukuma. Tulifika saa tatu asubuhi, na korido ilikuwa imetoka kupigwa deki.

Mama alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa, lakini ni yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mdogo wako anakula?"

"Anakula mpaka changu. Mama, sasa kidole wamekitoa, pete utavaa wapi?"

Akashika tumbo kwa mikono miwili. "Paskali, usinichekeshe, uzi utakatika." Mgonjwa wa kitanda cha pili naye akaanza kucheka, naye alikuwa na uzi. Muuguzi akaja akanitoa nje kama mbuzi aliyeingia jikoni.

Kwenye korido nikamwona Boay anatoka ofisini kwa Sista mkuu. Sista alikuwa mzungu, mrefu, Kiswahili chake kilikuwa kama kimetoka kwenye kitabu cha sala. Boay alikuwa ameshika kofia mkononi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akanipita, akaniambia anakwenda kujaza upepo. Sista akaniona nimesimama.

"Wewe ni mtoto wa Mzee Tluway?"

"Shikamoo Sista. Ndiyo."

"Unajua kusoma?"

"Darasa la nne, Sista." Nilisema kama mtu anayetaja cheo.

Akarudi ofisini, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara mbili. "Mpe baba yako. Mkononi mwake." Nikaiingiza ndani ya shati, ikalala kwenye tumbo, ya baridi.

Njiani Boay hakuniita Mheshimiwa hata mara moja. Tulipofika chini ya mlima ndipo akasema, "Wanataka mia nne."

"Mia nne? Kwa kidole kimoja?"

Akacheka, lakini kifupi. "Bila hiyo hawamtoi. Atakaa hapo mpaka azeeke."

Mia nne ilikuwa ng'ombe. Hata mimi nilijua hiyo hesabu. Ng'ombe mwenye bei hiyo kwetu alikuwa mmoja, na alikuwa anatangaza tangu alfajiri.

Tukasimama mahali wanapouza pombe ya mtama. Boay akaingia kunywa, mimi nikabaki nalinda baiskeli, nimeegemea ukuta. Nikaitoa barua. Juu ilikuwa na msalaba mdogo wa muhuri. Chini yake yameandikwa maneno machache kwa mkono ulionyooka: *Mzee Tluway, mgonjwa wako anaendelea vizuri. Amesamehewa yote. Njooni mumchukue Alhamisi. Mungu awabariki.*

Nilisoma bila kukwama. Nikarudia. Amesamehewa yote.

Kwa hiyo mama ametubu. Ametubu kwa Sista, na Sista kamwandikia baba. Mahindi yamo. Na siyo mahindi tu, imesemwa yote, maana yake yako mengine ambayo hata mimi siyajui. Nikamwona mama anazungushwa nyumba hadi nyumba na uzi wake tumboni, na watoto nyuma na madebe.

Boay alipotoka nilishindwa kunyamaza. "Baba mdogo, sista anaweza kusamehe kama padri?"

Alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye pedeli. Akaushusha. "Nani kakuambia habari za kusamehewa?"

Nikampa barua. Aliisoma polepole, midomo inacheza. Kisha akainamisha kichwa, akanitazama mimi, siyo barua, akanitazama muda mrefu kama anavyotazama ngozi akitafuta tundu.

"Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Umeelewaje?"

"Mama ametubu dhambi zake."

Hapo ndipo angeweza kunicheka. Siku nyingine yoyote angenicheka mpaka aanguke na baiskeli, tungefika nyumbani angemsimulia kila mtu, na leo ningekuwa na hadithi nyingine. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dhambi gani?"

Nikamwambia. Kanga, mahindi, jioni. Nilimwambia yote, kwa kuwa alikuwa Boay.

"Mheshimiwa," akasema, akachuchumaa uso wake ukalingana na wangu. "Baba yako asiione hii. Unamkumbuka jirani yenu alivyomrudisha mkewe kwao kwa ajili ya debe moja la mtama?"

"Namkumbuka."

"Basi. Mimi na wewe ndio tunaojua. Itakuwa siri ya wanaume." Akanyoosha mkono. "Nipe niichome."

"Ina msalaba, baba mdogo. Katekista anasema yenye msalaba haichomwi, inazikwa."

Akaangalia njia, akaangalia kilabu, akaniangalia mimi. "Haya, izike. Uizike vizuri." Akanipa sukari guru, safi, haikuwa na manyoya hata moja.

Kuzika sikuzika. Nilichimba nyuma ya zizi, shimo likawa tayari, halafu nikafikiri: siku mama akifa, huko mlangoni wakimuuliza habari ya mahindi, ataonyesha nini? Nikaichomeka ndani ya jalada la katekisimu yangu, nikaligandisha na uji.

Jioni ile Boay akamwambia baba. Mia nne, Alhamisi. Baba alikuwa ananoa jembe, akaendelea kunoa.

"Wamekupa karatasi?"

"Misheni hawatoi karatasi mpaka ulipe, kaka."

Baba akalilaza jembe chini, akanigeukia. "Paskali. Wewe ulikuwepo. Ulimsikia Sista akisema mia nne?"

Boay hakunitazama. Hakuwa na haja. Nikafikiri, nikisema sikumsikia, baba ataenda mwenyewe kuuliza, na Sista atamwambia yaliyoandikwa. Mama yangu alikuwa mikononi mwangu, nilivyoona mimi.

"Ndiyo baba," nikasema. "Nilimsikia kwa masikio yangu."

Baba akakubali kwa kichwa. "Ng'ombe ni wako. Unasemaje?"

"Achukuliwe. Kwanza ana kelele."

Hakuna aliyecheka. Kesho yake Boay akamswaga Redio kwenda mnadani Katesh. Alilia mpaka wakapotea kwenye kona, na baada ya kona nikaendelea kumsikia, au nilidhani namsikia.

Alhamisi mama akarudi kwa gari, Boay pembeni yake anamshikia mzigo. Boay alileta sukari kilo moja, akamletea baba shilingi kumi na mbili akisema ndicho kilichobaki, na mimi akaniletea viatu vya plastiki. Mama alishuka, akaamkiwa na watu, akanywa maji. Kisha akatazama zizini.

"Mtamba yuko wapi?"

"Ndiye aliyekutoa," baba akamjibu.

Mama akaingia ndani. Watu wakasema amechoka na safari. Mimi nikazunguka kijiji kizima na viatu vyangu, vinalia kwa jasho, chwaka chwaka, najiona mwokozi wa mama.

Mwaka huo tulikunywa uji mkavu. Mdogo wangu aliota mapele midomoni, mganga wa Tanga akasema ni chakula, apewe maziwa. Mama akasema sawa, atapewa, akaondoka naye.

Baada ya mavuno Boay akanunua redio. Redio ya kweli, ya betri, kubwa kama tofali, ya kwanza kwenye mstari wetu. Akasema ni faida ya ngozi. Watoto tulikuwa tunajazana mlangoni kwake saa ya taarifa ya habari ingawa habari hazikutuhusu, na mimi nilikuwa na nafasi yangu maalum, karibu na spika. Siku moja nikamwambia, "Baba mdogo, Redio yangu imeondoka, yako imekuja." Akacheka kidogo akaongeza sauti.

Hapo ndipo watu huwa wanamwaga pombe kilabuni. Sawa. Tuendelee.

Kisomo cha watu wazima kikaanza. Wazee wote wakaandikishwa, mchana baada ya shamba, kwenye madawati yetu, magoti yamefika masikioni. Baba alikwenda kimya kimya kama anavyofanya mambo yake yote. Nilimcheka sana nyumbani. Nilikuwa nafuata kidole chake kinene kinavyosukuma herufi kama anasukuma ng'ombe asiyetaka kuvuka maji. "Ka, a, ka." Hakukasirika. Akaanza kusoma kila kitu: gunia la mbolea, kiberiti, kopo. Mama akasema nyumba imejaa kelele za herufi.

Jumapili moja tumerudi kanisani, mama anapukuchua mahindi uani, baba akachukua katekisimu yangu kujaribu. Jalada lilikuwa limeanza kuachia, uji hauna ahadi ya milele. Karatasi ikaanguka kwenye mahindi.

Baba akaiokota, akaigeuza mpaka msalaba ukawa juu.

"Baba, hiyo ni ya shule," nikasema. "Ngumu hiyo. Soma kiberiti."

"M-ze-e," baba akaanza. "Mze-e Tlu-way." Akasimama. Lilikuwa ni jina lake. "Mgo-nj-wa wa-ko."

"Baba, kuna ng'ombe kaingia shambani."

Hakuinua kichwa. Mama alikuwa ameacha kupukuchua. Kidole kikasogea. "A-me-sa-me-he-wa. Amesamehewa. Yo-te."

Nikasimama nikawa mbele ya mama, nimetanua mikono kama kipa. "Baba, alishatubu. Sista alishamsamehe. Usimrudishe kwao."

"Nilitubu nini?" mama akauliza nyuma yangu.

Ikabidi niseme. Nilisema habari ya kanga na mahindi huku nalia, nikasubiri mbingu ianguke. Baba akanitazama kwa mshangao wa polepole.

"Mahindi yale nilikula mimi," akasema. "Wewe ulidhani siku ile nilikula nini?"

Kisha akaisoma tena ile karatasi, yote, mpaka Mungu awabariki. Ilimchukua muda ambao ningeweza kwenda mtoni na kurudi.

"Kodi ya kichwa ilipofutwa," akasema, akiongea na karatasi, "balozi alipita akatuambia tumesamehewa. Sikuwa nimetubu kitu chochote."

Mama ndiye aliyeelewa kwanza, nilimwona. Akafunika mdomo kwa kanga. Baadaye akasema kwamba siku ya kutoka Sista alimshika mikono akamwambia nenda kwa amani, hudaiwi kitu, naye akaona ni sawa kwa sababu shemeji alikuwa amemwambia kashalipa. Akasema, "Nilimshukuru Boay pale pale. Nilipiga magoti."

Baba akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile ya zamani. "Paskali, twende."

Tulimkuta Boay amekaa nje anaanika betri juani zipate nguvu. Nikamwamkia, akaitika. Baba akakaa kwenye kigogo. Wakaulizana habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, mpaka zikaisha. Baba akatoa karatasi.

"Nisomee hii. Macho yangu siku hizi si mazuri."

Boay aliitambua. Najua aliitambua kwa sababu akanitupia jicho, mara moja tu. Lakini alikuwa amemzoea kaka yake wa miaka yote, yule wa kuweka dole gumba kwenye wino. Akakohoa kidogo. Nikagundua hapo kwamba hata kule kukohoa kwangu kabla ya kusoma nilikutoa kwake.

"Mzee Tluway," Boay akasoma kwa sauti nzuri kabisa. "Mgonjwa wako anaendelea vizuri. Amelipiwa yote. Njooni mumchukue Alhamisi. Mungu awabariki."

Baba akanyoosha mkono, akairudisha karatasi kwake. Akaweka kidole. Jasho lilikuwa linamtoka kama analima.

"A. Me. Sa. Me. He. Wa."

Boay akaziangalia betri zake.

"Nitarudisha, kaka."

"Utarudisha nini? Alikuwa na mimba."

"Muulize mwanao basi," Boay akasema, na sauti ikabadilika, ikawa kali. "Karatasi alikuwa nayo yeye. Na aliyekuambia kamsikia Sista kwa masikio yake siyo mimi, ni yeye."

"Najua," baba akasema. Akainuka. Njiani hakunigusa, hakunisema. Ningeomba anichape. Nilivua vile viatu vya plastiki nikavibeba mkononi, na tulipofika nyumbani sikujua pa kuviweka.

Baba hakumpeleka kwa balozi wala kwenye mkutano. Ni ndugu yake. Aliacha tu kwenda kwake. Kabla ya mvua Boay akahama, tukasikia yuko Getanuwas, na redio yake.

Nilimwona tena nikiwa nimemaliza la saba, siku ya mnada Katesh. Alikuwa anafunga ngozi kwenye baiskeli, kofia ile ile. Nikasimama mbele yake na shikamoo haikutoka. Kwetu huko mtoto anaweza kuiba, anaweza kutukana, lakini kumpita mkubwa bila shikamoo, hapo mama yako ataulizwa alikulea wapi.

"Siku hizi hatuamkiani, Mheshimiwa?"

"Kwa nini mimi, baba mdogo?"

Alidhani naanza utani, akangoja kilichobaki. Kilipokosekana akaivuta kamba, akaipiga fundo, akaijaribu kama imekaza. Akanijibu bila kunitazama, taratibu, kama mtu anayeelekeza njia.

"Kwa kaka nilishakopa mara tatu sikurudisha. Mama yako nikitoka ndani kwake alikuwa anahesabu vijiko. Nyumba nzima ile, aliyekuwa ananiamini ni wewe. Sasa ulitaka nimdanganye nani?"